Pacha B, Ongeza Bidii

Mpendwa Shangazi Mkasi,

Naomba msaada wako, na naomba pia usinicheke kabla hujafika mwisho wa barua, kwa sababu mwishoni ndiko kuliko na aibu yenyewe, na mimi ni mtu mzima, mwalimu wa darasa la tatu mwenye wanafunzi hamsini na wawili wanaosimama wima nikiingia, na sasa hivi ninavyokuandikia nimejifungia kwenye stoo ya vitabu, nimekalia katoni la chaki, tumbo limenifika magotini, na ofisini wanadhani nasahihisha madaftari.

Nina ujauzito wa mapacha, Shangazi. Ndio ujauzito wangu wa kwanza na tuliungoja miaka sita. Siku nilipoambiwa ni wawili nilikuwa nimelala pale kitandani kliniki, wamenipaka yale mafuta yao ya baridi, na yule dada anayepiga picha za tumbo akageuza kioo nione, akasema, "Hongera mama, wako wawili," na mimi, badala ya kusema asante kama watu waliolelewa, nikasema kwa sauti, "Jamani, mmoja angetosha." Dada wa picha akacheka, nami nikacheka, tukaendelea. Lishike hilo neno, nitalirudia.

Mambo yalikuwa mazuri mpaka wiki ya ishirini na nane. Nikapimwa tena, nikapewa karatasi, na kwenye karatasi imeandikwa Pacha A, gramu 1,150, na chini yake Pacha B, gramu 950. Dada wa picha akaniambia wanapishana, kwamba kwa mapacha si ajabu, kwamba kila mmoja ana kondo lake, ila lazima nirudi baada ya wiki mbili waangalie tena wanavyokua. Pengine alisema na mengine lakini mimi sikuyasikia, macho yalikuwa yameganda kwenye ile herufi. Shangazi, mimi nimegawa A na B kwa miaka kumi na moja, najua B ni nini. B ni yule mtoto ambaye mwalimu anamwandikia mzazi kwamba angeweza kufanya vizuri zaidi kama si mchezo. Nikajiuliza hawa ni watu gani wasio na huruma, wanamsahihisha mtoto hata hajazaliwa.

Nilipofika nyumbani nikaitandaza karatasi mezani ili niitazame vizuri, na kalamu nyekundu ilikuwa nyuma ya sikio kama kawaida yangu, na mkono ukaandika wenyewe, naapa. Kwa A niliandika "Vizuri sana." Kwa B niliandika "Ongeza bidii." Nilipoona nilichokiandika nililia mpaka mume wangu akatoka uani mbio na bisibisi mkononi, akidhani nimeanguka.

Sasa nikueleze mume wangu ni nani, maana bila hivyo hutaelewa. Mume wangu ni fundi mizani. Mizani za maduka, za sokoni, za kliniki, zote za upande wetu zikienda kombo huletwa kwake, na ni mtu ambaye akiona picha imeinama ukutani hali chakula mpaka ainyooshe. Nilipomwonyesha zile namba hakulia wala hakunipa pole, alikuna kichwa akasema, "Kabla ya kutengeneza lazima tujue hitilafu iko upande gani." Akaniletea mizani mbili za bafuni, akazipanga chini sambamba, akaniambia nikanyage moja kwa mguu huu na nyingine kwa mguu ule.

"Simama wima, mama watoto. Usipumue."

"Nisipumue mpaka lini?"

"Mpaka mshale utulie."

Mguu wa kushoto ukasoma kilo tatu zaidi ya wa kulia. Akashika ile picha ya kliniki, akanionyesha B amechorwa upande wa kulia wa karatasi, akasema, "Unaona? Kulia ndiko kwepesi, B yuko kulia. Mizani haisemi uongo." Mimi kiatu cha kulia kilikuwa kimenibana tangu asubuhi na mguu huo nilikuwa nauonea huruma, ila sikuona sababu ya kumvurugia mtu kazi yake.

Tangu siku hiyo natafuna kwa upande wa kulia tu. Nalala ubavu wa kulia ili chakula kiteremkie huko. Nikinywa maziwa nainamisha kichwa. Mama mkwe wangu, ambaye amekuja kutusaidia mpaka nijifungue, yeye ana maelezo yake: anasema A ni mlafi, anamla mwenzake riziki, na amewapa majina, mmoja anamwita Bonge na mwingine Sindano. Kila tukimaliza kula anakuja kuninyooshea kidole tumboni upande wa kushoto. "Wewe Bonge! Mwachie mwenzio! Hata kwenye foleni ya maji watu huachiana!" Halafu ananigeukia na sauti ya upole kabisa, "Mwanangu, usikasirike, ulafi huo kautoa kwa baba yake, nilimlea namjua."

Na mimi pia sikukaa bure. Nilianza kumpa B tuisheni. Usicheke, Shangazi. Kila siku saa kumi nikitoka shule nakunja karatasi ya manila kuwa bomba, upande mmoja naweka mdomoni, upande mwingine naubandika ubavu wa kulia, namsomea kitabu cha darasa la tatu na jedwali la tatu. Nilimwambia kwamba mwenzake ana gramu mia mbili zaidi yake, kwamba simlinganishi na mtu lakini ajue. Tukifika tatu mara saba hupiga teke, nami humpa vema kwa kidole, pale pale juu ya gauni.

Sasa aibu yenyewe. Tarehe ya kurudi kliniki ilipofika, sikwenda. Wewe si mwalimu, pengine hutaelewa, lakini mwalimu hamkalishi mtoto kwenye mtihani kabla hajamaliza kumfundisha. Nikasema nimpe B siku tatu ajiandae. Zikaisha, nikampa tatu nyingine, na tatu nyingine tena. Leo tarehe imepita kwa siku tisa. Kadi ya kliniki nimeificha ndani ya daftari la mahudhurio la darasa langu, kati ya majina ya wasichana na ya wavulana, na kila asubuhi nikiita majina naiona, naifunika kwa kiganja.

Mume wangu akaniuliza mbona hatuendi kupima. Nikamjibu mashine ya picha imeharibika.

Shangazi, usithubutu kumwambia fundi kwamba kitu kimeharibika. Uso wake uliwaka. Akaniuliza inatoa sauti gani. Nikasema sijui, inakoroma. Akasema, "Inakoroma? Hiyo ni feni tu. Mashine ni mashine, mama watoto, kama inapima basi naiweza." Jana Jumapili ameshinda uani akitia spana zake mafuta, anaimba, na Alhamisi asubuhi anakwenda kliniki na mfuko wake kujitolea kuitengeneza. Leo ni Jumatatu.

Nimwambie nini? Hilo ni swali langu la kwanza, na ndilo jepesi. Swali langu la kweli sijamwuliza mtu yeyote. Je, B alinisikia siku ile niliposema mmoja angetosha? Maana miaka sita tuliomba, Shangazi, tungepewa hata nusu ya mtoto tungepokea kwa mikono miwili, na nilipopewa wawili nikamrudisha mmoja kwa mdomo wangu. Labda ndiyo maana amejikunja akawa mdogo, hataki kusumbua. Nikienda nikaambiwa hakui, nitajua ni mimi. Nisipokwenda sitaambiwa. Naogopa, Shangazi, naogopa mpaka nikiona mtu amevaa koti jeupe barabarani navuka upande wa pili, na juzi nilimkimbia muuza mkate.

Mimi wako,
Mwalimu wa Zamu ya Wawili

SHANGAZI MKASI ANAJIBU

Mwalimu, toka stoo. Vumbi la chaki si zuri kwa mtu mmoja, seuze watatu.

Kwanza wasomaji wajue jambo. Barua hii niliikuta Jumanne asubuhi kwenye sanduku letu la mlangoni, na ukurasa huu hutoka Jumapili. Kuna barua za kungoja Jumapili: za mawifi, za mabwana wanaokoroma, za yule msomaji wangu na jogoo wa jirani yake. Hii haikuwa ya kungoja. Mwalimu alikuwa ameandika namba yake ya simu nyuma ya bahasha, kwa wino mwekundu, bila shaka, nikampigia akiwa katikati ya somo. Haya yafuatayo ndiyo niliyomwambia. Pale nilipopiga kelele mhariri amepaondoa.

Mwalimu, A si alama na B si alama. Hakuna aliyewasahihisha wanao. Pacha A ni yule aliye karibu na mlango wa kutokea, B ni anayemfuata nyuma, kwisha habari. Dada wa picha anahitaji kuwatofautisha ili akipima leo na akipima tena asichanganye nani ni nani. Angeweza kuwaita Wa Mlangoni na Wa Dirishani, na wewe ungeshinda unalia kwamba mwanao amenyimwa mlango. Kwa hiyo mtoto umemwandikia "ongeza bidii" kwa kosa la kukaa kiti cha nyuma. Nilikaa kiti cha nyuma darasani miaka saba, najua uchungu wake.

Hilo lilinichekesha. Hili la pili halikunichekesha hata kidogo. Kile kipimo si mtihani. Mtihani humwuliza mwanafunzi amejua nini, lakini kipimo kile kinawaambia wakunga wafanye nini. Wewe ulidhani unampa B siku za kujiandaa, kumbe unawanyima watu wa kumsaidia siku za kumwona. Nilimuuliza mkunga ninayemwamini, mama mkali kuliko mimi, akaniambia mapacha kupishana uzito ni jambo wanaloliona sana, na mara nyingi ni kama watoto wa nyumba moja, mmoja mrefu mmoja mfupi. Lakini mara nyingine yule mdogo hapati chakula cha kutosha kupitia kondo lake, na kwa macho huwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili, wala kwa mizani ya bafuni. Unajua kwa kupima, na kupima tena, kuona kila mmoja anakwenda na mwendo wake na damu inapita vizuri kwenye kitovu. Kama kuna tatizo yapo ya kufanya: watakuangalia kila wiki au hata mara mbili kwa wiki, watakulaza wodini, wakiona lazima watawatoa mapema. Lakini wafanye vipi wakati kadi yako imelala na wasichana wa darasa la tatu? Siku tisa, Mwalimu! Mwanafunzi akikosa shule siku tisa wewe si unamwita mzazi? Basi mzazi nimekwita.

Chakula hakina kulia wala kushoto. Kikishuka kooni kinaingia kwenye damu, na damu yako inazunguka mwili mzima haiulizi ulitafunia jino gani. Tafuna pande zote kabla taya moja halijachoka ukabaki na uso uliopinda, hapo mumeo akuletee bisibisi. Kula mara kwa mara, kunywa maji, na kulala lala ubavu wowote unaokupa usingizi.

Na Bonge aachwe. Dada wa picha kasema kila mtoto ana kondo lake, maana yake kila mmoja ana sahani yake na hana mkono kwenye sahani ya mwenzake. (Wewe msomaji mwingine mwenye mapacha wanaotumia kondo moja, usijipime kwa Mwalimu. Wewe wanakuangalia kwa karibu zaidi, na ukikosa tarehe hata moja nitakuja mwenyewe.) Mama mkwe, shikamoo. Najua unasomewa ukurasa huu. Nakuheshimu, umeacha kwako ukaja kulea, wako wengi wasiofanya hivyo. Ila usimgombeze mtoto ambaye hajazaliwa hata akapata nafasi ya kukosa. Ana miaka mingi ya kukosa mbele yake, kiweke akiba hicho kidole.

Fundi, na wewe njoo hapa karibu. Mke wako si gunia. Kulia kulisoma kilo pungufu kwa sababu mguu wa kulia ulikuwa umebanwa na kiatu, akaukwepa, habari ndiyo hiyo. Mizani haisemi uongo, lakini anayesimama juu yake anaweza, hasa ukimkataza kupumua. Mtu akikuletea namba za mwanawe anatetemeka, hutafuti hitilafu, unamshika mkono. Hapo ndipo ufundi ulipokosea.

Kuhusu mashine inayokoroma: njia ya mwongo ni fupi, Mwalimu, na yako inaishia Alhamisi saa mbili asubuhi, mumeo akiwa amelala chini ya mashine nzima ya watu na spana mdomoni. Watamfukuza, na watakuwa na haki. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na wewe ndiye waliyekuwa wanakufikiria, tena wewe unataka kuzaa mara mbili kwa siku moja.

Sasa swali lako la kweli.

Hapana. Hakukusikia. Na kama alisikia hakuelewa, na kama alielewa alicheka, kama dada wa picha alivyocheka. Watoto wangekuwa wanadumaa kwa maneno ya mama zao, sote duniani tungekuwa na urefu wa ndoo. Mimi nilipoambiwa nina mimba ya mtoto wangu wa nne nilisema neno ambalo gazeti hili haliwezi kulichapa, na leo huyo wa nne ananigongea taa za sebuleni kwa kichwa. Hukumrudisha mtu, mwanangu. Ulishtuka. Mtu aliyengoja miaka sita mlangoni, mlango ukifunguliwa ghafla lazima ayumbe. Na mama asiyemtaka mtoto hamwekei bomba la manila ubavuni kila siku saa kumi akamwimbia jedwali la tatu. Kama B amesikia kitu humo ndani, amesikia hicho.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo ukitoka shule, kabla hujavua viatu, mwambie mumeo yote, na uanze na lile la mmoja angetosha, maana ndilo linalokutafuna, mengine ni vichekesho. Kesho asubuhi, Jumatano, mwombe mwalimu mwenzako akushikie darasa, chukua kadi, nendeni wawili, mfuko wa spana ubaki nyumbani. Mwambie dada wa picha ukweli kwamba uliogopa. Ameshaona waoga wengi, hutakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Muulize kila mtoto ameongezeka kiasi gani, damu inapitaje, na urudi lini, na jibu la mwisho liandike kwenye mkono kama ni lazima. Kuanzia sasa, ukiona damu au maji yanakutoka, kichwa kikikuuma sana na macho kufanya ukungu, uso na mikono ikivimba, au mateke yakipungua kwa yeyote kati yao, huandiki barua kwa Shangazi wala hungoji tarehe. Unaondoka saa hiyo hiyo kwenda hospitali, hata kama ni katikati ya kuita majina.

Kalamu nyekundu iache shuleni. Tuisheni endelea nayo ukipenda, haijamdhuru mtu. Ila umfundishe jedwali la pili kwanza. La tatu kwa mtoto wa wiki thelathini na moja ni ukatili.

KIJIBARUA KILICHOFIKA IJUMAA

Gazeti likiwa tayari kwenda mtamboni, mlinzi wetu wa getini ameniletea bahasha nyingine. Nimemwambia mhariri aondoe tangazo la magodoro apate nafasi.

"Shangazi, tumekwenda.

Nilimwambia Jumanne, viatu vikiwa bado miguuni, alikuwa uani anapangusa koleo. Nikaanza na lile neno kama ulivyoniagiza. Aliipangusa ile koleo mara mbili zaidi. Halafu akauliza, 'Kwa hiyo mashine ni nzima?' Nikasema ni nzima. Akaiweka koleo chini, na Shangazi, niliona kabisa imemuuma, alikuwa ameshaipenda. Ndipo akakaa kwenye kigoda karibu na miguu yangu, akanivua kile kiatu cha kulia, akasema, 'Mimi pia naogopa, mama watoto. Kwani unadhani napimapima kwa nini?' Tukalia wote wawili, na mama mkwe alipotukuta akalia naye bila kuuliza ni msiba gani.

Jumatano kliniki, dada wa picha akaipokea karatasi ya zamani, akaisoma, akainua macho. 'Nani kaandika ongeza bidii hapa?' Mume wangu akatazama dari. Nikasema ni mimi, nikasema niliogopa. Hakunicheka, aliniambia tu nipande kitandani.

A ana gramu 1,620. B ana gramu 1,440. Wamekaribiana, Shangazi! Damu inapita vizuri kwa wote. Nirudi baada ya wiki mbili, nimeandika mkononi.

Ila kuna jambo. Nilipokuwa nimelala pale nilianza kupapasa ubavu wa kulia, namwambia B hongera, na dada wa picha akasema, 'Mbona unampongeza A?' Nikamjibu huyu wa kulia ndiye B, si ndivyo mlivyomchora. Akasema, 'Mama, picha inakutazama usoni, kama mtu aliyesimama mbele yako. Kulia kwa karatasi ni kushoto kwako.'

Kwa hiyo wiki zote hizo za tuisheni amesoma A. B hajui hata tatu mara moja. Na mama mkwe, kila baada ya chakula, alikuwa anamgombeza Sindano kwa ulafi, na Sindano akagombezwa, akala, akaongezeka. Mama mkwe alipoelezwa alikwenda upande wa kushoto akapiga goti, akaomba radhi kwa dakika nzima, halafu akahamia upande wa kulia akasema, 'Na wewe Bonge, umenyamaza tu!'

Karatasi mpya ina mistari mitatu: A, B, na chini kabisa jina la mama. Tulipofika nyumbani niliitandaza mezani, na mkono ukapanda wenyewe mpaka nyuma ya sikio. Kalamu haikuwepo. Alikuwa nayo mume wangu. Kwa A hakuandika kitu, kwa B hakuandika kitu. Aliinama mbele ya jina langu, na kwa ule mwandiko wake wa polepole anaoandikia lebo za mizani zilizopona, akaandika neno moja:

Amehudhuria."